Kanda zinazolala kwa mama mkwe

Saa tisa alasiri, chumba cha kompyuta katika ofisi ya maji kina baridi ya kugonganisha meno. Mwanamke wa makamo, sweta la kijani juu ya gauni la maua, ameweka kiganja juu ya mashine ndogo nyeusi na amefumba macho. Ukimkuta hivyo bila kuambiwa, utadhani anaiombea dua.

Anaisikiliza tu. Mashine inavuma, inatulia, inavuma tena. Kila inapotulia, anakunja kidole kimoja. Vidole vinne vikishakunjwa, anafumbua macho.

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi," anasema. "Nimezipita zote. Sasa hapo mbele pako wazi, Ijumaa inaweza kukaa." Kisha anabonyeza kitufe.

Wenzake humwita Mama Kanda. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake imekuwa kuhakikisha kwamba siku kompyuta ya ofisi itakapokufa, ramani za mabomba hazitakufa nayo.

Chini ya mji kuna mabomba mengi kuliko barabara zilizo juu yake, na karibu kila siku fundi fulani anabadilisha kitu: valvu mpya, bomba lililohamishwa, jingine lililong'olewa. Mabadiliko hayo huingizwa kwenye ramani, na ramani zote hukaa kwenye kompyuta kuu. Mama Kanda huzinakili kwenye kanda, ambazo ni jamaa wa zile kaseti za muziki tulizokuwa tukizikaza kwa kalamu, ila hizi ni nene kidogo na hazijui kuimba.

Hanakili kila kitu kila siku. Ijumaa ya kwanza ya mwezi ndipo anapochukua ramani zote, ya kwanza hadi ya mwisho, na kanda hiyo anaiita mama. Siku nyingine za kazi anachukua yale tu yaliyobadilika tangu jana yake. Nakala hizo anaziita watoto.

"Wewe nyumbani kwako hufui kabati zima kila siku," anamweleza mwandishi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulieleza jambo hili hadi likamchosha. "Unafua zilizovaliwa. Basi, ndiyo hivyo hivyo."

Watoto wa wiki nzima hupangwa kwenye kanda moja, mmoja nyuma ya mwenzake, na kati yao mashine huacha alama. Kanda haijui kuruka. Ukitaka kufika Alhamisi, sharti uipite Jumatatu. Na ukisahau kuisogeza mbele kabla ya kuandika, nakala ya leo inakaa juu ya ile ya Jumatatu, na Jumatatu ndiyo imekwenda. Kompyuta yenyewe humwonyesha kwenye skrini namba ya mahali kanda ilipofika, lakini Mama Kanda anasema yeye na skrini bado hawajafikia hatua ya kuaminiana.

Kila mtoto hutanguliwa na orodha ya faili zilizokuwamo katika kila folda siku hiyo. Mgeni hawezi kuona umuhimu wake, kwa kuwa orodha haina ramani hata moja ndani yake.

"Hiyo ndiyo inayosema nani hayupo tena," anasema. "Ukiiruka wakati wa kurudisha nakala kwenye kompyuta, mabomba tuliyoyang'oa zamani yanarudi yote kwenye ramani. Fundi anachimba siku nzima, anakuta mchanga." Anacheka peke yake. "Imewahi kutokea. Sitasema ni nani, maana bado yuko hapa na bado wanamtania."

Mashine inaitema kanda. Mama Kanda anasogeza kijipande cha plastiki pembeni mwake ili isiandikwe tena, anaandika tarehe kwenye lebo, kisha anailaza ndani ya kontena la chakula lililowekwa sponji. Kontena linaingia kwenye mkoba, mkoba unaingia begani. Na hapo ndipo inapoanza sehemu ya kazi iliyomleta mwandishi huyu.

Kanda haitakiwi kulala katika jengo moja na kompyuta. Moto ukiingia, au maji, vyote vinakwenda pamoja. Inatakiwa ilale upande wa pili wa mji. Na upande wa pili wa mji, juu ya kilima, anaishi mama mkwe wa Mama Kanda.

Leo kuna jambo jingine begani mwake, zito kuliko kanda. Ofisi imenunua mtambo mpya, na kuanzia mwezi ujao nakala zitapita kwenye mtandao kwenda kuhifadhiwa mbali. Mama mkwe hajui. Mama Kanda amelibeba neno hilo wiki mbili, akipanda nalo na kushuka nalo.

"Mkuu wangu ananihurumia, amesema ataandika barua nzuri," anasema tukianza kupanda. "Lakini barua haitasaidia. Yule mama hapendi kutembelewa kwa huruma. Mwanawe alipomwambia ahamie kwetu, alinuna mwezi mzima. Jirani mmoja alikuwa na tabia ya kuchungulia kumjulia hali. Aliulizwa kama amepoteza kitu. Mimi ananipokea kwa sababu naenda kikazi. Kazi ikiisha, nitaingia kwa mlango gani?"

Mpango wenyewe ulianza kwa bahati. Kampuni iliyokuwa ikitunza kanda ilifunga milango, na mhandisi mkuu wa wakati huo akauliza kikaoni nani ana ndugu ng'ambo ya mji, mahali pa juu, penye chumba kikavu kisichopigwa na jua. Mama Kanda akajikuta ameinua mkono kabla ya kufikiri. Wakakubaliana iwe kwa muda. Huo muda sasa una miaka tisa.

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye miezi mingi huwa kwenye ujenzi wa mbali, alipopigiwa simu na kuelezwa, alicheka hadi akakaa chini. Wakati ule mkewe na mama yake walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mama alikuwa amekwisha kumchagulia mwanawe mchumba, na mwana akaleta mwingine.

"Alikuwa akinisemesha kupitia mume wangu," anakumbuka Mama Kanda. "Nimekaa pale pale, magoti yetu yanakaribia kugusana, anasema, 'Mwambie mkeo chai inapoa.'"

Lakini kazi aliipokea, tena kwa mikono miwili. Ofisi ikaleta kabati dogo la chuma, likawekwa chumbani kwake, mbali na dirisha. Alipoambiwa kwamba sumaku ya spika si rafiki wa kanda, aliihamishia redio yake jikoni siku hiyo hiyo. Posho anayopewa inatosha sukari, sabuni na vocha ya simu, na mtaa mzima unamwita Bibi Kabati.

Tunamkuta mlangoni, mwembamba, wima, kitambaa cheupe kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa."

"Kidogo tu, mama."

"Ndiko kuchelewa kwenyewe huko." Anamgeukia mwandishi. "Na wewe wa gazeti, karibu ndani. Usiegemee kabati."

Anafungua kwa ufunguo anaouvaa shingoni. Kanda mama imelala rafu ya chini, na watoto wa kila wiki wamepangwa juu yake kwa kufuata kuzaliwa kwao. Bibi Kabati anagusa moja baada ya nyingine, akinong'ona kama mtu anayehesabu vifaranga, kisha anaipokea ya leo na kuiweka mwisho wa mstari.

Mpangilio huo si urembo. Wakati wa kurudisha, mama huingia kwanza kwenye kompyuta, halafu mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akikosekana mmoja katikati, wanaomfuata hawaaminiki tena. Na miaka minne iliyopita, siku ya kuwahitaji wote ilifika.

Bomba lilipasuka darini, juu ya chumba cha kompyuta cha ofisi ya maji yenyewe. Mji mzima ulipata cha kuchekea. Maji yaliiua kompyuta kuu na kulowesha kanda zilizokuwa humo, mafundi mitaani wakabaki hawajui valvu ipi inafunga wapi, na mitaa kadhaa ikakaa bila tone. Hapo kicheko kikaisha. Nakala nzima iliyobaki ilikuwa chumbani kwa Bibi Kabati, na Mama Kanda alikuwa hospitali, ametoka kupasuliwa kidole tumbo.

Ofisi ikamtuma dereva.

"Kijana mwenye adabu zake," anasema Bibi Kabati. "Alinisalimia vizuri. Nikamwambia, karatasi yangu inasema hizi kanda anakabidhiwa mkwe wangu. Wewe ni mkwe wangu?"

Dereva alimpigia simu mkuu wa ofisi, akampa bibi azungumze naye.

"Nikamwambia mkuu, kwenye simu hata mimi naweza kuwa mkuu wa ofisi."

Dereva wa watu, jasho likimtoka, akaomba basi apewe hata ile kanda ya mwisho peke yake. Bibi Kabati anatikisa kichwa hadi leo akilikumbuka ombi hilo.

"Hawatenganishwi hawa. Mama na watoto wake wanatoka pamoja au hawatoki."

Hatimaye alivaa viatu, akafunga nyumba, akaingia kwenye gari na kontena mapajani. Hakutaka apelekwe ofisini. Alitaka apelekwe hospitali.

"Nafumbua macho, dawa bado ziko kichwani," anasema Mama Kanda, "namwona kasimama miguuni mwa kitanda, kontena kifuani. Ananiambia, 'Mwanangu, wamekuja kuchukua vitu vyetu. Niwape?'" Anamtazama bibi. "Vyetu. Na alikuwa hajawahi kuniita mwanangu hata siku moja. Nililia mpaka nesi akadhani kidonda kinauma."

"Dawa zilimzidi," anasema Bibi Kabati, akimimina chai.

Alipopata ruhusa ya mgonjwa ndipo alipokwenda ofisini, akapewa kiti kando ya mashine, akakaa hadi mtoto wa mwisho alipoingia. Kisha akaomba kanda zake arudi nazo nyumbani. Kazi ya siku za wiki ile, ambayo haikuwa imefika kwake, mafundi waliiandika upya kutoka kwenye karatasi zao. Mengine yote yalirudi.

Chai inanyweka na mazungumzo yanaanza, na hapa mwandishi anaachwa kwenye mataa. Yule binti amerudi. Mfuniko umepatikana, lakini si ule. Kaka mtu amekubali sasa, ila kwa masharti yale yale. Na mwenye duka la kona amehama, usimhesabu tena. Mama Kanda anaitikia kila neno, anacheka panapochekesha, anaguna panapostahili.

"Zamani kila Ijumaa alikuwa ananianzia mwanzo," Mama Kanda ananong'ona, bibi akiwa ameingia jikoni. "Jinsi alivyomzaa mume wangu, jinsi nyumba ilivyojengwa, ugomvi wa kaka zake. Kila wiki kanda mama! Siku hizi ananipa mtoto tu, ya wiki hii, kwa sababu yaliyotangulia anajua ninayo. Nikikosa wiki chache, sitajua tena anazungumzia nini. Na yeye hana tena nguvu ya kuanza upya."

Bibi Kabati anarudi na sukari. Mama Kanda anaweka kikombe chini.

"Mama, ofisi wamenunua mtambo mpya. Nakala zitakuwa zinapita kwenye mtandao, zinakwenda kukaa mbali huko. Mwisho wa mwezi nitakuja na dereva tuchukue kabati."

Bibi Kabati anafuta meza isiyo na uchafu.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote, mama."

"Ni ile siku niliyomzuia dereva?"

"Ile siku bado wanaisimulia ofisini kwa kukusifu."

Anaendelea kufuta. Uso wake hauonyeshi kitu, lakini mkono unakwenda mahali pamoja tu.

"Basi vizuri," anasema. "Upumzike. Kilima hiki si mchezo, na una nyumba ya kutazama. Ijumaa utakuwa unawahi kwako."

"Nitakuja, mama."

"Kufanya nini?"

Swali limetoka kwa ukali, na mwandishi anaona vyema atazame viatu vyake. Hili ndilo lililomnyima Mama Kanda usingizi. Akisema anakuja kumjulia hali, mlango umefungwa. Akitafuta kisingizio, bibi atakinusa kabla hakijamtoka mdomoni.

"Kukaa na wewe," anasema. "Nakupenda, mama. Nikipitisha wiki mbili bila kukuona nitaumwa. Sina sababu nyingine."

Nje mtu anaburuta ndoo. Bibi Kabati ameliendea dirisha, na anachukua muda mrefu kunyoosha pazia ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Ijumaa hapana," anasema bila kugeuka. "Ijumaa ilikuwa ya ofisi. Unakuja umechoka, unaangalia saa. Njoo Jumamosi. Asubuhi, ushinde."

Tunashuka jua likiwa limepoa. Mama Kanda anafuta macho kwa ncha ya sweta na kucheka kwa wakati mmoja. Jumatatu ataomba aondolewe zamu ya Jumamosi, ile inayomwongezea kidogo mwisho wa mwezi, na mumewe, aliyepigiwa simu njiani, amekwisha kusema kwamba watabana matumizi. Mpango wake umeishia hapo, na anasema unamtosha.

"Miaka tisa nimepanda huku na kazi mkononi," anasema. "Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda kumtembelea mama mkwe wangu. Sijui hata nitavaa nini. Naona haya kama bibi harusi."