Balbu za Matanga Sebuleni

Shughuli yote ilinigharimu shilingi laki saba na elfu themanini za Uganda. Laki nne ni ada ya mafunzo ya taa za nyumbani, iliyobaki ni balbu, taa ya kusimama, taa nyingine ndogo na fundi. Nimejumlisha mara mbili. Ada yenyewe ilianzia laki tano na nusu, lakini mwalimu alichoka kubishana kabla yangu.

Mimi ni Mkenya, nauza mapazia hapa Kampala. Wateja wakishapata pazia huuliza taa gani iende nalo, nami nilikuwa najibu: yoyote. Ndiyo sababu niliyompa mwalimu. Sababu ya pili ilikuwa nyumbani kwangu Lubaga, imekaa jikoni.

Huyo ni mama mkwe, mjane wa mwanajeshi kutoka kaskazini. Kiacholi changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo miaka yote tumeelewana kwa Kiswahili chake cha kambini. Mwanawe, mume wangu, alifariki mwanzoni mwa mwaka. Kabla ya kumsafirisha kwao kuzikwa, watu walikesha hapa kwetu. Walilia. Mimi nilihesabu viti vya kukodi, vikapungua vitatu, nikahesabu tena, nikagombana na mwenye hema.

Katika ugomvi huo nilipata bei nzuri. Alikuwa ametufungia balbu nyeupe kali kuanzia uani mpaka ndani, na sasa alikuwa anazikusanya.

"Niachie hizo kumi na mbili za sebuleni."

"Mama, hizi ni za kazi."

"Na viti vitatu nilivyolipia ukakosa kuleta, navyo vilikuwa vya kazi?"

Akaniuzia nusu bei, waya juu yake. Sikulazimika hata kuzishusha. Mtu mwingine angejiona mjanja. Mimi sikujiona chochote, ila bei ilikuwa nzuri.

Mama mkwe alibaki nami, lakini jioni hakukaa sebuleni tena. Alichukua kigoda akahamia jikoni na ungo wake wa simsim.

"Mama, njoo huku kuna kiti cha kuegemea."

"Hapana. Macho yangu iko mbaya."

Hivyo hivyo alimwambia shemeji, ndugu wa mume wangu, kwenye simu, na shemeji akasema basi, mwisho wa mwezi atakuja kumchukua arudi nyumbani. Akiondoka, nyumba ya vyumba vinne ingebaki na mtu mmoja na mapazia. Nilijua hilo ni la kuniuma. Nilisubiri liume, halikuuma. Nilijua tu kwamba sitaki aondoke, kama unavyojua kuwa nje kuna mvua bila kutoka kulowa.

Mafunzo yalikuwa Old Kampala, ghorofani, juu ya duka kuukuu la vitambaa, kila Jumamosi. Mwalimu, dada wa Kiganda mwenye sauti ya chini, alianza kwa kusema kwamba mwanga haununuliwi kwa wingi. Nilichukulia ni mimi ninayesemwa.

"Kuna taa ya chumba kizima, na kuna taa ya kazi, pale mtu anaposoma au anaposhona. Msiombe taa moja ifanye yote mawili."

Nikauliza kama anayenunua mbili anapunguziwa.

"Nyabo," akaniita bibie kwa Kiganda chake, "kaa chini." Darasa likacheka. Kisha akaeleza kwamba macho ya mtu mzima yanataka mwanga mwingi kuliko yetu, ila hayataki kuiona balbu yenyewe. Uelekeze ukutani, uyarudie kwa upole.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya rangi. Alifunga mapazia (mabaya, ningemuuzia bora), akawasha balbu ya njano. Tukatazamana, kila mtu anaonekana ametoka kula. Akaizima, akawasha nyeupe kali. Mkongo mmoja mwenye saluni Kalerwe akaruka:

"Eh! Hapa nani amekufa?"

Watu walicheka sana. Nilicheka nami, kwa kuchelewa. Kisha nikahesabu balbu za sebuleni kwangu. Kumi na mbili. Nikahesabu tena.

Macho ya mama hayakuwa mabaya. Pale jikoni, chini ya balbu moja ya njano, alikuwa akitoa kwenye simsim vijiwe ambavyo mimi sivioni. Ni kwamba kila jioni nilikuwa nawasha matanga ya mwanawe, halafu namkaribisha kwenye kiti cha kuegemea.

Siku moja kabla ya shemeji kufika, fundi alishusha zote. Tukaweka nne za njano zinazotazama ukuta, na taa ya kusimama yenye kofia kando ya kiti. Saa moja jioni mama alipita akielekea chumbani, akasimama mlangoni.

"Wewe Mkenya. Zile umepeleka wapi?"

"Nimemrudishia mwenye hema."

"Bei gani?"

"Hasara, mama."

"Wewe? Hasara?" Akacheka mpaka akashika mlango. Akarudi jikoni, akaja na ungo, akakaa.

Kesho yake shemeji alimkuta hapo hapo.

"Mama, gari iko tayari."

"Kunywa chai kwanza."

Akanywa, akamaliza. "Haya, mama."

"Simsim sijamaliza."

"Simsim hata nyumbani iko."

"Hii iko hapa."

Shemeji akanitazama mimi, mimi nikautazama ungo. Aliondoka peke yake, akisema mama akibadili mawazo nimpigie simu. Gari lilipotoka, mama alinyoosha kidole kwenye kona ambapo picha ya mume wangu imetundikwa.

"Nitakaa. Lakini mtoto yangu, mbona umeacha yeye kwa giza?"

Somo la mwisho lilikuwa la hiyo: taa ndogo ya kuangazia kitu unachotaka jicho lifike kwanza. Ninayo. Imo kwenye boksi lake juu ya friji, wiki ya pili sasa. Kila jioni mama hutazama kona, hunitazama mimi, haulizi tena. Juzi aliomba nimtafutie namba ya shemeji, akasema ni salamu tu. Nashika boksi, mkono hauendi mbele.

Kwa hiyo wewe uliyewahi kupachika taa juu ya picha ya mtu wako, naomba uniambie: ulingoja muda gani, na ulipoiwasha mara ya kwanza ulisimama wapi?