Meitamei na Vichwa vya Kuazima

Kichwa cha Meitamei kilikuwa kizima, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kingekuwa na tundu, watu wangechungulia, wangesikitika, wangemletea maziwa. Lakini hakikuwa na tundu. Kilikuwa na uvimbe mmoja juu ya sikio, nao uliposhuka, huruma za watu zilishuka pamoja nao.

Kilichompiga ni hendeli, ile nondo ya kuzungushia injini ya lori kwa mkono. Wakati ule wa Mwingereza, Meitamei alikuwa akishuka Ngarenaro siku za soko kupakia magunia kwenye lori la Avtar, Kalasinga mwenye karakana. Asubuhi moja lori lilikataa kuwaka. Meitamei, aliyependa kusifiwa mikono yake, akaikamata hendeli akaizungusha kwa nguvu zote. Injini ikakohoa, hendeli ikarudi kinyumenyume, ikamlaza chini. Avtar akambeba hospitali kwa lori lilelile, ambalo safari hii liliwaka mara moja, kama vile halikufanya kitu. Hospitali wakamwambia mfupa haujavunjika, akapumzike.

Akapumzika. Mahindi yakaota, yakavunwa, naye bado anapumzika.

Mwanga wa jua kwenye bati la kanisa ulimchoma machoni. Akiinama kupalilia, shamba lake lote kijijini Sambasha lilizunguka, migomba kwa mawe. Maneno yalimponyoka: angetaka kusema jembe, akabaki amekunja vidole hewani, mkewe Simaloi akitaja kila chombo cha nyumbani mpaka wakifikie. Mtoto wa mgongoni akilia, Meitamei alitoka akajificha migombani, mtu mzima na ndevu zake. Siku moja mwanawe Eliamini alitafuna muwa karibu naye, akamkemea kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuitambua. Tangu hapo binti yake mkubwa, Namnyaki, alikuwa akiwanyamazisha wenzake kila baba anapoingia, na nyumba ikawa kimya kama ya matanga. Kimya kile kilimuuma Meitamei kuliko kelele.

Kwenye pombe ya ndizi, ambayo sasa hakuweza hata kuinusa, walisema hendeli imemkuta mvivu aliyekuwa akitafuta likizo. Waliosema hivyo wengine nawafahamu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwasha lori.

Yote hayo angeyavumilia kama si maji. Mifereji ya Meru naijua kuliko maji yanavyoijua, na mpaka leo darasa la pili ndilo ninalojivunia, maana nililisoma mara mbili. Basi nisikilizeni. Mfereji una zamu. Jua likigusa kilele cha mlima, mwenye zamu awe mdomoni mwa mfereji na jembe lake, azibue njia ya shambani kwake. Asipokuwapo, anayemfuata anachukua. Kiangazi kile, zamu ya kwanza Meitamei alilala, maji yakampita. Zamu ya pili alikwenda siku ya jirani yake Sumari, akafungua kwa kujiamini kabisa, mpaka Sumari alipofika akamuuliza kama maharage ya Sumari nayo yamehamia shambani kwake. Mzee Simel, mkuu wa mfereji, alisema kwa upole kwamba mfereji haungojei mtu. Akikosea tena, mdomo wa mfereji wake utazibwa hadi mvua zinyeshe, na zamu yake atapewa Sumari, ambaye shamba lake liko chini ya la Meitamei.

Maharage ya Simaloi yalikuwa yanaweka maua. Yasipokunywa maji, watoto wangeng'oa mabua makavu.

Meitamei akafunga kamba kidoleni ili akumbuke. Jioni Namnyaki akamuuliza kamba ni ya nini. Akaitazama kwa muda, akasema labda ni ya kumkumbusha aifungue.

Dawa waliipata kwenye salamu. Kwa Waarusha mtoto hamsalimii mkubwa kwa kelele. Huja, huinamisha kichwa, mkubwa akamgusa utosini, basi. Asubuhi moja Eliamini alileta kichwa chake kilichonyolewa, Meitamei akaweka kiganja, na mtoto hapohapo akasema mama anataka mbuzi wa kahawia ahamishwe. Kutwa nzima kila Meitamei alipofumba kiganja alikihisi kile kichwa cha kukwaruza, na mbuzi wa kahawia yumo ndani yake. Alimhamisha. Akamweleza Simaloi, akidhani atachekwa.

Simaloi hakucheka. "Basi cha kwako kipumzike," alisema. "Tutatumia vyao."

Tangu siku hiyo kila mtoto akapewa mzigo wa kukumbuka. Eliamini alibeba mifugo, Namnyaki alibeba zamu ya maji. Baba akiweka kiganja aliuliza, "Umebeba nini?" na mtoto akaupakua. Watoto waliokuwa wakimkimbia wakawa wanagombania kusalimia, wakinyata kwanza ili asisikie kishindo. Sauti zikarudi nyumbani, za chinichini, lakini zikarudi. Akajifunza pia kupalilia kwa kupiga magoti badala ya kuinama, hata Walutheri wawili waliopita njiani wakamsifu kwa sala. Avtar alimpa kipande cha kitambaa cha kilemba chake afunge kichwa, kizuie jua. Wakamwita Singa wa Sambasha. Akaitika.

Halafu siku moja, jua la mchana likimpiga usoni, alikuwa akipanda njia ya kwake. Namnyaki alikuwa amemwambia asubuhi kwamba maji ni kesho kutwa. Mbele yake akaona kichwa cha mtoto kikiinama chini ya mzigo wa majani. Macho yalikuwa yamejaa nuru, na kichwa ni kichwa. Akaweka kiganja.

"Umebeba nini?"

Alikuwa Anjela, binti wa Sumari. Angeweza kujibu majani, na ingekuwa kweli. Lakini mtoto aliyeshikwa utosi na mkubwa hathubutu kutoa jibu nusu. Akasema:

"Baba amesema nisikuambie."

"Usiniambie nini, mwanangu?"

Kidogo kidogo ikatoka. Aliyemtangulia Meitamei kwenye zamu alikuwa amekwenda msibani Usa River, ameacha maji yake. Kwa hiyo zamu zote zimesogea. Ya Meitamei ni kesho. Mzee Simel alimpa Sumari ujumbe huo aupeleke, kwa kuwa ni jirani, naye Sumari alikuwa hajaona sababu ya kuharakisha.

Meitamei alisimama. Kesho. Nyumbani kulikuwa mbali kidogo, na alikijua kichwa chake: neno lingedondoka kwenye kona ya kwanza. Basi hakuondoa mkono.

"Twende hivihivi," alisema.

Wakapanda. Yeye akaubeba mzigo wa majani kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye utosi wa binti wa mtu, waliokutana nao wakipisha njia na kuguna. Anjela alinong'ona kwamba atapigwa. Meitamei akamwambia hatamtaja. Walipofika alimwita Namnyaki, akauhamisha mkono kutoka kichwa kimoja kwenda kingine, akasema, "Maji ni kesho. Shika." Ndipo akakaa chini, maana dunia ilikuwa inazunguka.

Asubuhi, kabla jua halijagusa kilele, Namnyaki alimtikisa taratibu. Walikuwa mdomoni mwa mfereji Sumari alipotokea na jembe begani, akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Mzee Simel alikuwa nyuma yake.

"Baba Namnyaki," Sumari alisema, "kichwa kimepona?"

"Bado."

"Sasa umejuaje?"

Meitamei akamgeukia mzee. "Mzee, ulimtuma nani kwangu?"

"Nilimtuma Sumari."

"Basi ujumbe ulifika kutoka nyumba ya Sumari. Namshukuru."

Mzee Simel naye akamshukuru Sumari, akasema hao ndio majirani. Sumari akaitika shukrani. Ukishashukuriwa kwa jambo mbele ya mkuu wa mfereji, huwezi kurudi nyumbani kumchapa mtoto kwa jambo hilohilo.

Meitamei akapiga magoti, akaondoa mapande ya udongo na magome ya migomba yaliyoziba njia. Maji yakasita, yakageuka, yakaelekea kwenye maharage. Sauti ya maji ilimgonga kichwani kama kawaida. Akafumba macho, akangoja ipungue.

Alipofumbua, Namnyaki alikuwa ameinamisha kichwa mbele yake.

"Si tumeshasalimiana?"

"Tumeshasalimiana," alisema Namnyaki. "Nataka uniwekee kichwani zamu ijayo."

Akaiweka. Kichwa chake hakikupona sawasawa mpaka uzee wake, na bati la kanisa aliligeuzia kisogo siku zote. Lakini mdomo wa mfereji wake haukuzibwa, na wanawe walipokuwa watu wazima, wenye watoto wao, waliendelea kumwinamia wakipita, naye akiwauliza wamebeba nini.