Mabuti Ambayo Hakuna Aliyeyavua

Nilikuwa na miezi minne tangu nihitimu udaktari, nikifanya mafunzo ya vitendo katika hospitali moja mkoani Geita, na kila jambo nililifikiria mara saba. Nikiandika dawa ya minyoo, nilirudi wodini kuhakikisha. Manesi walishazoea. "Kaja tena," waliambizana, wakaendelea na kazi.

Asubuhi moja wachimbaji walimleta kijana mwenzao aliyeangukia ndani ya duara, shimo lao la dhahabu. Alikuwa na jeraha kwenye paji la uso, analia mgongo, na hakukumbuka lolote la siku ile. Juu ya shimo alikuwapo mtu mmoja tu, shemeji yake, mume wa dada yake, na jana yake jioni wawili hao walikuwa wamegombana mbele za watu. Wenzao wakakata shauri kwamba shemeji amempiga nyundo na kumtupa. Wengine walimleta mgonjwa kwetu, wengine wakamsindikiza shemeji polisi.

Dada mtu akafika na fomu ya polisi na vyombo viwili vya chakula. "Hiki cha mdogo wangu, hiki cha mume wangu," alisema. "Andika ukweli, daktari. Ila uwahi, maana hata sijui nimlilie nani."

Mkuu wangu alikuwa chumba cha upasuaji. Fomu ikawa yangu.

Chuoni tulifundishwa kwamba jeraha la kichwa la mtu aliyeanguka mara nyingi hukaa pale ukingo wa kofia unapopita, na la kipigo huwa juu zaidi. Mara nyingi, si mara zote, na hapo ndipo nilipokosa raha. Nikaazima kofia ya mlinzi, nikamvisha mgonjwa. Jeraha likakaa ukingoni kabisa. Nikaivua, nikaivisha tena, nikaiinamisha kidogo kushoto. Je, kama kichwa chake ni kikubwa kuliko cha mlinzi?

"Daktari, huyu anaenda harusini?" aliuliza nesi mkubwa wa wodi.

"Nipeni na kioo, sista," mgonjwa akasema.

"Basi mvue na hayo mabuti. Bwana harusi gani ana tope hivyo."

Nikatazama miguu yake. Mabuti ya mpira, yamejaa matope hadi juu, na tangu alipofika hakuna aliyeyavua, hata mimi. Sote tulikuwa tumeitazama damu ya usoni. Nilipovuta moja alipiga ukelele, tukayakata kwa mkasi. Visigino vyote viwili vilikuwa vimevimba, rangi ya zambarau. Nikafungua viganja vyake. Ngozi ilikuwa imechunika kwa kamba.

Picha zilionyesha visigino vimevunjika na pingili moja ya kiuno imebonyea. Mtu aliyezimia kwa nyundo hang'ang'anii kamba. Huyu aliteleza nayo, akatua kwa miguu, kisha uso ukakutana na jiwe. Nilifurahi hadi nikamkumbatia mlinzi nilipomrudishia kofia yake. Kisha nikaanza upya: na kama alisukumwa, ndipo akadaka kamba? Niliandika kurasa mbili.

Mkuu wangu alizisoma akiwa amesimama. "Umeona nini?"

"Ameanguka kwa miguu akiwa ameshika kamba. Sikuona alama ya kipigo."

"Andika hivyo. Hayo mengine polisi watauliza wenyewe."

Polisi waliuliza, wakaenda shimoni kuitazama kamba, na saa kumi na mbili jioni shemeji akaingia wodini, mkewe nyuma yake akitabasamu.

"Mwangaluka," mgonjwa alimsalimu, salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

"Mwangaluka gani, jua linazama. Nilikwambia jana usiteremke bila mkanda, ukaniita mwoga mbele ya kijiji kizima."

"Sikumbuki, shemeji."

"Na jogoo wangu uliyemla jana usiku?"

"Huyo namkumbuka. Alikuwa mgumu."

Dada alicheka hadi akakaa sakafuni. Mgonjwa naye akacheka, akashika kiuno, akaomba wamwonee huruma. Shemeji alitafuta mahali pa kumshika pasipouma, asipapate. Mwishowe akakamata kidole gumba cha mguu, kilichochungulia kwenye plasta, akakitikisa kama anayempa mtu mkono.