Siku Nilipomzuia Mzee Lin Kwenda Kwao

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mkono wangu huacha ulichokuwa ukifanya. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, naishi Hounslow katika chumba cha kupanga, na kazi yangu ilikuwa kuwapokea abiria pale uwanja wa ndege wa Heathrow: kukagua pasipoti, kupima mizigo, kuwapa karatasi ya kupandia ndege. Nilikuwa nimetoka Voi miaka mitatu kabla. Katika mafunzo ya kazi ile nilishika nafasi ya kwanza, na wewe unanijua nilivyo, jambo hilo sikulinyamazia. Niliwaandikia hadi watu wa kanisani kwetu.

Msimamizi wetu alikuwa Bwana Karim, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kikavu, na mimi niliyejiona mtu wa pwani nilikuwa nikikicheka moyoni. Bwana Karim alikuwa na agizo moja alilolirudia kila shifti. Chini ya kila kaunta kulikuwa na kitabu kikubwa chenye masharti ya safari za nchi zote, nani aingie wapi na kwa karatasi gani. Kabla ya kumkatalia abiria, alisema, fungua kitabu. Kuuliza si ujinga, na kitabu hakichoki kuulizwa.

Sasa, wiki ile televisheni ilikuwa na habari moja tu. Wakubwa wa China bara na wakubwa wa Taiwan walikuwa wamekosana, na kila jioni tulionyeshwa meli za kivita, makombora yakiangukia baharini, na ramani yenye mishale myekundu iliyovuka ule mlango wa bahari ulio kati yao. Mimi nilikuwa nikila chakula changu mbele ya ramani ile. Kwa siku tano za kutazama nikajiona mjuzi wa ugomvi wa watu ambao sikuwahi kula nao hata sahani moja ya wali. Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kunguni nilikuwa nimekwisha kuwahesabu kwa mbali.

Jumatano alasiri akaja kaunta kwangu mzee mwembamba aliyevaa suti ya kijivu iliyonyooshwa vizuri na tai shingoni, kama mtu aendaye harusini. Alikuwa na sanduku moja na boksi lililofungwa kwa kamba. Tiketi yake ilimpeleka Beijing, na kutoka Beijing hadi Fuzhou, mji wa China bara unaotazamana na Taiwan. Nikafungua pasipoti yake. Jalada lilisema Jamhuri ya China, maana ndivyo serikali ya Taiwan inavyojiita, na ndani hakukuwa na viza ya China. Akanisogezea kijitabu kingine kidogo, akakigonga kwa kidole, akasema kwa Kiingereza cha kukwama kwamba hicho ndicho cha kuingilia.

Mimi sikuwahi kukiona kijitabu cha namna ile. Na badala ya kuinama nifungue kile kitabu kikubwa, mwanangu, nilifungua ile ramani iliyokuwa kichwani mwangu. Nikajiambia, watu hawa wanarushiana makombora, huyu atakwendaje kule? Foleni ilikuwa ndefu, watu wanatazama saa. Nikamuuliza kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni kama yeye ni Mchina au ni Mtaiwani.

Mzee alikigonga tena kile kijitabu kwa kidole. Alinitazama tu, kisha akatazama chini.

Nyuma yake alikuwepo kijana mmoja wa Beijing, mwanafunzi, anarudi kwao likizo. Akasogea kwa adabu, akazungumza na mzee kwa Kichina, kisha akanigeukia. Aliniambia kwamba kijitabu kile ni kibali wanachopewa watu wa Taiwan, ndicho wanachoingilia bara, na pasipoti yao haipigwi muhuri kule. Aliyasema polepole ili nielewe. Nami nikamjibu kwamba sikumuuliza yeye, na kwamba arudi kwenye nafasi yake.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilimwambia mzee kwamba hasafiri. Nikamrudishia karatasi zake, nikamwita anayefuata. Mzee alichukua sanduku lake na boksi lake, akaenda kuketi kwenye kiti kinachotazama kaunta yangu. Hakupiga kelele. Alikaa pale mgongo umenyooka, na mimi nikaendelea kupima mizigo ya watu hadi ndege ikaondoka.

Bwana Karim alikuwa upande mwingine wa ukumbi muda wote huo. Aliporudi akamwona mzee ameketi peke yake, akaja kuniuliza. Nilimweleza kwa kujiamini kabisa, nikingoja sifa. Aliinama akatoa kile kitabu, akavaa miwani, akafungua ukurasa, akaweka kidole chake kwenye mstari. Nikausoma. Ulisema vilevile alivyosema yule mwanafunzi.

Nilidhani atanifokea. Afadhali angenifokea. Alinivuta pembeni akanihadithia kwa Kiswahili chake kile kikavu, na siku hiyo sikukicheka.

"Damaris," alisema, "mimi nilitoka Kenya na pasipoti ya Uingereza. Nikafika hapa, nikaambiwa pasipoti ni ya Uingereza lakini mimi Uingereza siingii. Wakanirudisha Nairobi. Nairobi wakasema mimi si mtu wao. Siku nne nimerushwa huku na kule kama mzigo uliopotea, mke wangu ana mimba. Waliotunga sheria ya kutuzuia sisi Wahindi wa Kenya nilisoma majina yao magazetini, nimeyasahau. Lakini aliyenizuia alikuwa kijana kama wewe, nyuma ya kaunta kama hii. Uso wake ninao mpaka leo."

Nikaanza kulia. Akaniambia machozi yangu hayatampeleka mzee Fuzhou. Ndege nyingine ya kwenda Beijing ilikuwa Jumamosi. Yeye angemtafutia nafasi. Mimi nilitakiwa kumpeleka mzee nyumbani kwake kwa mkono wangu, na kuwaeleza watu wake kwa mdomo wangu.

Tulipanda basi mimi na mzee. Jina lake lilikuwa Lin. Kumbe alikuwa akikaa kwa binti yake hapo hapo Hounslow, mitaa michache tu kutoka kwangu. Njia nzima aliweka boksi lake mapajani. Nilijaribu kumwomba radhi, akatikisa kichwa taratibu. Sikujua kama anakubali au anakataa.

Binti yake alikuwa muuguzi. Alifungua mlango akiwa bado na sare za kazini, akamwona baba yake, akaniona mimi, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Alimketisha baba yake kwanza, akampa maji ya moto. Kisha akanijia barazani. Aliniambia kwamba baba yake alivuka kwenda Taiwan akiwa na miaka kumi na saba, kutafuta kazi ya msimu, amemwahidi dada yake atarudi kabla ya mavuno. Vita vikafunga njia nyuma yake. Kwa zaidi ya miaka thelathini hapakuwa na safari wala simu, na barua zilipitia kwa jamaa aliyekuwa Singapore, moja kwa miaka miwili. Njia ilipofunguliwa kidogo, mke wake akaugua, akamuuguza hadi akamzika. Sasa dada alikuwa mzee, na kesho yake angekuwa amesimama uwanjani Fuzhou kumngoja, na kijijini kwao simu hakuna.

"Serikali mbili zimemzuia maisha yake yote," alisema yule binti. "Leo ndipo zote mbili zimeruhusu. Ukamzuia wewe."

Mwanangu, nimezeeka, nimesemwa na watu wengi, na mengine nilistahili. Neno lile ndilo zito kuliko yote.

Jumamosi haikuwa zamu yangu. Nilikwenda kwao asubuhi, nikambebea mzee sanduku, boksi akakataa kuniachia. Bwana Karim mwenyewe ndiye aliyempokea kaunta. Mzee Lin akaondoka.

Alirudi baada ya miezi miwili, na binti yake akatuita chai mimi na Bwana Karim. Hapo ndipo nilipopata habari zote. Dada yake alikuwa amesafiri kwa basi tangu alfajiri na mpwa wao, akasimama uwanjani siku nzima ameshika kipande cha karatasi chenye jina la mdogo wake. Abiria walitoka, wakaisha, akangoja ndege iliyofuata na ya baada yake. Mpwa alipomvuta waende, alisema tu kwamba wamemzuia tena. Hakujua ni mimi. Alidhani ni wale wakubwa. Aliporudi nyumbani alilala akiwa ameugeukia ukuta, akakataa chakula. Mzee Lin alipofika alikuta ameanza kudhoofika, na dada hakuamini kuwa ni yeye hadi aliposhika sikio lake, akapapasa kovu la kuumwa na bata wao mkali utotoni. Hapo wakacheka wote wawili. Mle ndani ya boksi, kwa taarifa yako, mlikuwa na sweta sita alizozifuma marehemu mkewe kwa ajili ya wifi ambaye hakuwahi kumwona.

Walikaa pamoja miezi ile miwili, wakila, wakigombana kuhusu majina ya majirani wa zamani. Mwaka uliofuata, kabla Mzee Lin hajapata kurudi, dada akafariki. Kwa hiyo unaona, siku tatu nilizozichukua hazikuwa siku tatu katika nyingi.

Siku ile ya chai mzee hakunilaumu. Aliniuliza kupitia kwa binti yake kama mama yangu yu hai. Nikasema yu hai, yuko Voi, sijamwona tangu nije. Akasema, "Basi nenda kamwone mwaka huu." Nilikwenda.

Sasa sikiliza kwa nini nimekusumbua na haya. Juzi uliniambia kuhusu habari ya China na Taiwan unayoiandaa kwa ajili ya masomo yako ya uandishi, na yule mwenzako wa darasani, binti wa Taipei, kule Taiwan, uliyemhoji, naye akakuomba uondoe jina na sura yake kabla hujaiweka mtandaoni. Baba yake anafanya kazi upande wa China bara, na yeye huvuka kila mwaka kumwona. Ukacheka, ukasema anaogopa kivuli chake, na habari bila sura haina ladha.

Mwanangu Neema, najua utanijibu kwa Kiingereza, lakini nisikilize kwa Kiswahili. Wakubwa wa pande zile mbili mara wanafungua njia, mara wanazifunga. Leo watalii wanaruhusiwa, kesho hapana. Waandishi wa upande mmoja wananyimwa vibali na upande wa pili. Mimi sikuambii nani ana haki. Nimeishi miaka mingi na bado sijui vya kutosha kuamua shauri la nyumba isiyo yangu. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na huyo binti ndiye anayejua neno lipi litamfungia mlango wa baba yake. Ondoa jina lake. Ondoa na sura yake. Habari yako ikipungua ladha, wasomaji wataimeza hivyo hivyo. Na popote utakapokaa na karatasi ya mtu au maneno ya mtu mkononi, usiamue kwa yale uliyoyaona kwenye simu. Muulize mwenyewe, kisha nyamaza umsikie, hata kama foleni ni ndefu. Ukiwa hujui, sema hujui. Na ukishakosea, usijifiche nyuma ya kazi yako. Mpeleke mtu kwake kwa mkono wako, uketi usikie utakayoambiwa.

Mungu akujalie macho ya kumwona mtu kabla ya bendera yake. Akupe kalamu isiyomfungia mtu njia. Na kila unayempenda aliye mbali, akufikishe kwake mapema, umkute mzima, mkae muda mrefu. Amina.