Nilisema ni mamba, na Jumamosi mke wangu anakwenda kupiga magoti

Nifiche jina, nakuomba sana, maana mke wangu naye ana simu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tatu, naishi Kizwite, Sumbawanga, na haya ninayaandika kwa kujificha.

Enzi za ujamaa nilikuwa kijana kwenye kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kipili. Tulipewa boti ya mashine ya kuokolea watu, dereva nikawa mimi. Jamani, nilivyoringa! Amri zilikuwa mbili: ukimkaribia mtu majini, zima mashine, na mtu akiumia, hata kidole, taarifa iende wilayani. Lakini mashine yenyewe ukishaizima haiwaki. Utavuta kamba mpaka bega liteguke.

Asubuhi moja upepo ukapindua mtumbwi. Nikamkuta mvuvi mmoja, nimwite Petro, anatapatapa, kanywa maji mengi. Mawimbi yalikuwa makubwa, nikaogopa kuzima. Wimbi likainua boti, nikasikia pangaboi la mashine, kule chini majini, limegonga kitu, maji yakawa mekundu. Nilimvuta ndani peke yangu, amezirai, mguu wa kulia unaning'inia.

Ufukweni mwenyekiti wa kijiji akaniuliza, "Kulikoni?" Nikaona jela. Nikaona boti inapelekwa kijiji kingine na watu wote wananilaani. Mdomo ukajibu wenyewe: "Mamba." Akaandika hivyo hivyo, taarifa ikaenda. Petro mguu ukakatwa, na alipozinduka akaambiwa ni mamba, akaamini.

Mungu wangu, nilisahau niko wapi! Kwetu mamba hamkamati mtu bure. Katumwa na mchawi, ana mwenyewe. Wiki haikuisha, mwenyewe akapatikana: mama mmoja mjane aliyekuwa amegombana na Petro kwa ajili ya shamba la mihogo. Wakabomoa nyumba yake, wakamfukuza yeye na binti yake. Mimi nipo pale, nimetulia kama maji mtungini.

Yule binti ndiye mke wangu. Niliwafuata mpaka Sumbawanga kwa huruma, au niseme kwa woga, nikamwoa. Mama mkwe nilimwamkia shikamoo mpaka siku anakufa, naye akiitikia, "Marahaba, mwanangu." Hilo neno lilikuwa linanichoma.

Sasa juzi tukiwa tunakula, mke wangu kaniambia: "Mzee wangu, nimechoka kubeba hili. Huenda mama alikuwa na yule mamba kweli. Petro bado yu hai. Jumamosi nipeleke, nimpigie magoti nimwombe radhi kwa niaba ya marehemu."

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anamshuku mama yake mzazi! Ameshanunua na kitenge cha kumpelekea mke wa Petro.

Nikisema ukweli, nampoteza yeye na wanangu, na watoto wa Petro sijui watanifanya nini. Nikinyamaza, mke wangu atapiga magoti mbele ya mtu niliyemkata mguu mimi, amwombee msamaha mama ambaye hakukosa lolote. Na mimi nitakuwa nimekaa pembeni, naitikia.

Leo ni Alhamisi. Yuko uani anapiga pasi shati langu la safari, anaimba. Ndugu zangu, naogopa kuliko siku ile ziwani. Nishaurini, nimwambieje mtu huyu kabla hatujapanda gari?