Mwaka Kiptere Ilipopiga Fataki Marufuku

Asubuhi ya siku ya mwisho wa mwaka niliondoka Kiptere bila kujua ninakwenda wapi. Nilivaa makoti yangu yote mawili, moja juu ya jingine, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa njia rahisi ya kuyabeba. Redio yangu isiyo na betri niliitia kwenye mfuko wa nailoni, nikatoka kabla umande haujakauka kwenye majani chai. Sikuwa na hasira. Hasira ingenifanya nisimame mlangoni nibishane. Nilikuwa na wivu, na nilitaka tu kuwa mbali.

Kuondoka hakukuwa jambo geni kwangu. Niliacha shule darasa la sita, si kwa kukosa karo, bali kwa sababu nilikwenda kuangalia daraja lililokuwa likijengwa nikakaa huko wiki tatu. Niliporudi niliona haya kuingia darasani. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda kuona. Nilichuma chai, nilipakia mahindi, nilichimba vyoo, na kila nilipofahamu kazi inavyofanywa, miguu ilianza kuniwasha. Lakini hapo Kiptere nilikuwa nimekaa miezi minane nyumba moja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nitoke kwetu.

Mwenye nyumba alikuwa mjane. Mtaa mzima ulimwita Gogo, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo. Nilifika kwake kuomba maji ya kunywa, nikamkuta akihangaika na ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa, aliyekataa kila mkono tangu mkamuaji wake wa zamani ahame. Nilitaka kujua ng'ombe anakataaje, nikaomba nijaribu. Aligeuza kichwa, akaninusa begani, akateremsha maziwa. Ndivyo nilivyopata chumba kando ya stoo, chai ya asubuhi, mursik, yaani maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu siku za Jumapili, na kigoda upande wa kulia wa moto. Hakuna aliyewahi kusema kigoda kile ni changu. Ila hakuna mwingine aliyekikalia.

Wiki moja kabla ya Krismasi alikuja mpwa wake, mtoto wa kaka yake. Alikuwa ameajiriwa katika duka la vyuma la Mhindi mmoja mjini Kericho, na kila mwaka baada ya Diwali tajiri huyo aligawia wafanyakazi fataki zilizobaki. Kijana alikuja na katoni nzima. Alikuwa rika langu, amemaliza kidato cha nne, ana saa mkononi, na jambo lililoniuma kuliko yote ni kwamba alikuwa mtu mzuri. Alimwita Gogo "senge", shangazi, neno ambalo mimi nisingeweza kulitumia hata ningekaa pale miaka ishirini. Jioni ya kwanza aliingia jikoni, akakaa kwenye kile kigoda bila kujua lolote. Mimi nikakalia jerikeni.

Jioni hiyohiyo aliwasha fataki kwenye uwazi ulio nyuma ya ploti, nyumba za kupangisha zilizopakana na kwa Gogo. Walimu walitoka, mafundi cherehani walitoka, watoto wakamwagika kila mlango. Zilikuwapo fataki nyekundu zilizofungwa pamoja kama kichane cha pilipili, na roketi alizozisimamisha ndani ya chupa ya soda. Ya kwanza ilipopanda na kupasuka rangi ya kijani juu ya mashamba ya chai, Gogo aliziba mdomo kwa kiganja akacheka mpaka mabega yakatikisika. Miezi minane sikuwahi kumchekesha hivyo.

Yule mpwa aliniona nimesimama pembeni, akaninyooshea kiberiti.

"Njoo uwashe hii moja, ndugu yangu."

Nikamwambia nina ng'ombe wa kuangalia. Nilitaka sana kuiwasha. Kesho yake niliiba fataki moja nikaenda nayo chooni, nikaifungua karatasi yake pole pole nione kinacholia ni nini. Ndani mlikuwa na unga wa kijivu usiojaa hata kisoda, uzi, na kipande cha gazeti lenye herufi zilizoning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba. Ningemwomba anionyeshe angenionyesha, angenipa hata nusu ya katoni. Hilo nalo lilinikera.

Ni kweli kwamba jioni ile ya kwanza ng'ombe alishtuka. Alipiga ndoo teke maziwa yakamwagika yote. Kila mfugaji wa kwetu anajua kwamba ng'ombe akiogopa hubana maziwa, kwa hiyo Gogo hakushangaa. Lakini asubuhi iliyofuata ng'ombe alitoa kama kawaida, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo sijamwambia mtu kwa hiari yangu. Kwa desturi tulikamua chuchu tatu, moja tukamwachia ndama. Asubuhi hiyo nilikamua mbili. Kisha nikamfungua ndama, nikamwacha anyonye mpaka akachoka. Nikaingia jikoni na ndoo nyepesi, nikasema ng'ombe amebana kwa sababu ya fataki.

Gogo alichungulia ndani ya ndoo, kisha akamtazama mpwa wake. Ulikuwa mtazamo wa mara moja tu, lakini nilikunywa chai yangu vizuri siku hiyo. Fataki ziliendelea kulia jioni, nami nikarudia asubuhi ya pili, ya tatu, na zilizofuata.

Maneno yalienea. Wengine nao wakakumbuka kwamba kuku wao wameacha kutaga, na mmoja akasema cheche zimeanguka karibu na lundo lake la nyasi kavu. Mzee wa kijiji akaitisha mkutano baada ya Krismasi, kwenye banda la kupimia majani chai, na naibu wa chifu akaja. Niliufikia mkutano nikiwa nimebeba ndoo yangu ya asubuhi kama ushahidi.

Aliyesema kabla yangu alikuwa jirani yetu wa ploti, mama muuza vitunguu kutoka upande wa Kisii. Hakuzungumzia kuku wala ng'ombe. Alisema kule alikokuwa akiishi zamani, wakati wa machafuko ya miaka michache nyuma, milio ilianza jioni kama hivi, na asubuhi hawakuwa na nyumba. Alisema kila fataki inapolia huwachukua watoto wake wawili akaingia nao katikati ya chai, wakalala chini mpaka kunyamaze. Alisema anajua ni sherehe, ila miguu yake haijui. Watu waliinamisha vichwa. Mpwa wa Gogo alisimama palepale akamwomba radhi, akasema angejua asingewasha hata moja.

Kisha nikasimama mimi na ndoo yangu. Nilieleza kama daktari wa mifugo: chuchu, woga, maziwa kurudi juu. Nilipigiwa makofi mengi kuliko yule mama, naye alikuwa amesema kweli.

Wazee walikubaliana haraka. Fataki zikapigwa marufuku kwenye ploti na karibu na boma lolote. Zingewashwa katika uwanja wa shule ya msingi tu, siku ya mwisho wa mwaka tu, kuanzia saa moja mpaka saa mbili jioni, na mtaa mzima utangaziwe mapema ili mwenye watoto au mifugo ajiandae. Nilifurahi mno hata nikaongeza la kwangu. Nikasema isiwe kila mtu na kiberiti chake. Awepo mtu mmoja anayejulikana, mambo yakiharibika aulizwe yeye.

Naibu wa chifu akasema hilo ni wazo zuri sana. Akauliza nani kati yetu anaijua kazi hiyo. Vichwa vyote viligeukia upande mmoja. Basi mpwa wa Gogo akaandikwa kuwa mwashaji wa fataki wa Kiptere, mtu pekee mwenye ruhusa, na watu wakaanza kumuuliza kama watoto watakaa upande gani wa uwanja. Alinijia akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kuleta utaratibu. Nilirudi nyumbani nimebeba ndoo yangu.

Siku iliyofuata ndama hakuamka. Alikuwa amelala kwa ubavu, mkia umeganda kwa kinyesi cheupe kama uji. Gogo alipiga magoti kwenye majani, akamfungua mdomo, akamgusa tumbo, akanusa. Alikuwa ndama jike, wa kwanza jike kwa yule ng'ombe baada ya madume matatu, na Gogo alikuwa ameshamwahidi Mungu shukrani kanisani kwa ajili yake. Mimi nilisimama nyuma nikishikilia taa isiyohitajika, maana jua lilikuwa limetoka.

Alimfanyia maji ya vuguvugu yenye chumvi na sukari, tukamnywesha kwa chupa, yeye akishika kichwa na mimi nikishika miguu. Ni baada ya hapo tu ndipo aliposema, bila kunitazama:

"Fataki inalia jioni. Hii ndama imeshiba maziwa asubuhi, mpaka ikaugua."

Niliiachilia miguu ya ndama.

"Na asubuhi ni wewe unakamua, weri."

Weri ni kijana; ni kama kusema mwanangu. Alikuwa ameniita hivyo tangu mwezi wa kwanza. Nilimwambia yote, hata ile fataki niliyoifungua chooni. Nilitarajia anifukuze, na kwa kweli nilikuwa nikilisubiri hilo, kwa sababu mtu aliyefukuzwa anaweza kujihurumia njiani. Akajifuta mikono kwa majani.

"Sitaambia wazee. Ile sheria ni nzuri, ikae, yule mama alale na watoto wake. Na wewe kaa. Lakini jioni mtoto wa kaka yangu ndiye atakamua."

Nilimwambia ng'ombe atamkataa. Nilisema kwa uhakika, na ndani ya moyo niliomba iwe hivyo. Jioni nilikaa chumbani kwangu, mlango nimeufungua kidogo. Nilimsikia mpwa akiuliza akae upande gani, nikamsikia Gogo akimwelekeza, kisha kimya. Nilihesabu pumzi. Halafu nikasikia maziwa yanapiga bati la ndoo, kwanza polepole, baadaye kwa nguvu, chururu, chururu, sauti ambayo kwa miezi minane niliifikiria kuwa yangu. Gogo alicheka. Nimewahi kumwonea mtu wivu kwa viatu, kwa kazi, kwa kujua kusoma magazeti ya Kiingereza. Siku hiyo nilimwonea wivu kwa ajili ya ng'ombe.

Asubuhi nilipita bandani kwanza. Ndama alikuwa amesimama, miguu inatetemeka, anamlamba mama yake. Nikavaa makoti.

Nilitembea mpaka barabara kubwa, nikaomba lifti kwenye lori la kabichi lililokuwa likielekea Kaplong. Dereva aliniuliza ninashuka wapi, nikamwambia atakapochoka kunibeba. Kaplong nilikunywa chai mbele ya hospitali ya misheni, nikasikia watu wawili wakisema Ndanai kuna mtu anajenga ghala na hapati wachanganya simiti. Sikuwahi kufika Ndanai. Nikapita Sotik kwa miguu, mahindi yamevunwa pande zote mbili, vumbi limekuwa jekundu tofauti na la kwetu, na nikafika jua likiwa chini kabisa.

Sokoni palikuwa na hoteli moja iliyo wazi, yenye vyumba vinne nyuma. Mama mwenye hoteli alinitazama makoti yangu mawili, akauliza kama naumwa. Tulipatana nimpasulie kuni asubuhi, naye anipe chumba cha mwisho. Kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha linalotazama ukuta. Alinipa kufuli nusu limekufa, akanionyesha jinsi ya kulifunga kwa kulipiga na kiganja.

Nikamuuliza ni saa ngapi. Alichungulia saa ya ukutani jikoni.

"Saa moja na dakika kama tano. Kuna mtu unangojea?"

Nikasema hapana. Nikamuuliza kama huku watu wanawasha fataki mwaka mpya.

"Fataki watoe wapi?" akasema. "Hapa tunaimba kanisani, tunalala."

Akarudi jikoni kwake. Mimi nikakaa kwenye kile kitanda na makoti yangu mwilini, mlango wazi, nikitazama mahali ambapo ukuta uliacha kipande kidogo cha mbingu. Kule Kiptere, uwanjani, wangekuwa wameshajipanga. Wangekuwa wamemletea Gogo kiti kutoka ofisi ya mwalimu mkuu, na yeye angekuwa ameshaweka kiganja karibu na mdomo, tayari. Nilikaa hivyo mpaka nilipodhani saa mbili imefika, ndipo nikafunga mlango.