Viwavi wa Mlimau wa Kogo

Nikwambie, rafiki yangu, mwaka huu nilirudi nyumbani Kimulot, nikateremka hadi kijitoni mahali ng'ombe wetu walipokuwa wakinywa maji. Nilisimama pale karibu saa nzima, jua la saa nne likiwaka vizuri, na sikuona kipepeo hata mmoja. Kingo zote mbili zimejaa mikaratusi. Chini yake ni majani makavu tu, hakuna hata ua. Nilikasirika. Bado nimekasirika.

Zamani matope ya kijito hicho yalikuwa mali ya vipepeo. Ukungu ukishaondoka kwenye mashamba ya chai, wale wadogo wa manjano na weupe walitua hapo kwa wingi, wakifyonza unyevu kwenye alama za kwato. Nikipita na mtungi walinirukia usoni wote kwa pamoja, kisha wakarudi chini kana kwamba mimi si mtu. Kando ya njia kulikuwa na magugu yenye utomvu mweupe, na huko waliishi wa rangi ya machungwa, walioruka polepole bila wasiwasi, maana ndege aliyewaonja mara moja hakurudia. Weupe wengine walitaga kwenye sukuma wiki ya kogo, yaani nyanya yangu. Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kutoa viwavi wao kwa mkono, jani kwa jani, huku harufu ya moshi na ya mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, ikitoka jikoni.

Nyuma ya jikoni hiyo kulikuwa na mlimau, na mlimau ulikuwa na vipepeo wakubwa kuliko wote, weusi wenye madoa ya manjano. Hao sikuruhusiwa kuwagusa.

"Sukuma ni yetu, hapo watoe," kogo aliniambia. "Mlimau ni wao, hapo uache."

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wa sayansi alituagiza kila mmoja alete vipepeo watano, wamekufa, wamebanwa kwa pini kwenye kadibodi. Wenzangu walikimbilia kijitoni na masweta, wakawapiga. Mimi nilimwambia kogo, naye akaendelea kupepeta maharagwe bila kuniangalia.

"Kwani wamemfanyia nini huyo mwalimu?" akauliza.

Basi nilikata kitawi cha mlimau chenye kiwavi mmoja mnene wa kijani, nikakitia kwenye mkebe wenye maji kidogo, nikaenda nacho shuleni. Mwalimu alipoinama kuangalia, kiwavi akatoa pembe zake mbili nyekundu kichwani, na harufu kali ikajaa dawati lote.

"Nilisema vipepeo. Hii ni nini?"

"Ni kipepeo, mwalimu. Bado tu hajamaliza."

Darasa zima lilicheka. Nilipewa sufuri na kuamriwa kukaa nyuma, peke yangu. Machozi yalinitoka, lakini mkebe sikuutupa. Niliuweka dirishani, na kila asubuhi nilibadilisha maji. Kiwavi alijifunga kwenye tawi kwa uzi mmoja, akageuka kitu kama jani lililojikunja. Wenzangu walisema amekufa. Zikapita wiki mbili, ikapita ya tatu, na baridi ya huku kwetu unaijua. Hata mimi nilianza kuamini.

Siku moja katikati ya hesabu msichana wa mbele akapiga kelele. Ganda lilikuwa limepasuka. Kipepeo alining'inia, mbawa zimekunjamana kama nguo mbichi, zikinyooka taratibu. Hakuna aliyeandika tena. Mwalimu alishika chaki hewani mpaka mbawa zilipokauka. Halafu akaja mwenyewe, akafungua dirisha.

Sufuri yangu hakuifuta. Lakini kadibodi zile hatukuambiwa tena tuzilete.

Kogo ametangulia. Mlimau ulikatwa kupisha chai, na mwalimu alistaafu. Kaka yangu ndiye aliyepanda mikaratusi, na sasa anataka kumalizia na kipande changu cha bondeni.

"Hapo ni kichaka tu, dada," aliniambia. "Wewe uko Kericho, hutumii. Watu wanacheka."

"Wacheke. Hicho kichaka ni shamba yangu."

"Shamba ya nini?"

"Ya magugu."

Alidhani natania. Kesho yake niliita fundi tukakizungushia uzio, nikapanda milimau mitatu, na magugu yenye utomvu nikayaacha yalivyo. Najua sitarudisha kila kitu. Wale waliokuwa wakijaza njia yote hawatakuja kwa sababu mimi nimekasirika. Lakini mtu asiniambie kwamba ardhi isiyo na chai imelala bure. Jirani ananiita mwanamke mvivu wa bondeni, na jembe lake amekwisha kuniletea mara mbili ili niyalime magugu. Mara zote mbili nimemwambia arudi nalo kwake.